Nilinunua shokapu kabla ya kununua futi

Chini ya kitanda changu kuna boksi lenye shokapu mbili nyekundu za nyuma, ndefu kwa milimita 20 kuliko zile pikipiki yangu ilizotoka nazo kiwandani. Hazijatembea hata kilomita 400. Kila nikiinama kutafuta kiatu naziona, na kifundo changu cha mkono wa kushoto kinauma kidogo, labda kwa kuzoea tu. Naeleza hapa zilivyofika pale, pamoja na fedha nilizozika njiani, kwa sababu naona wengi wanaotaka pikipiki itulie barabarani wanaanzia palepale nilipoanzia mimi: dukani.

Pikipiki yenyewe ni ya kawaida kabisa. Injini ya cc 150, rimu za spoku, shokapu mbili nyuma zenye vidato vitano vya kukazia springi, na mbele zile shokapu za bomba zisizo na skrubu yoyote ya kurekebishia. Niliinunua mwaka 2021 ikiwa imeshatumika. Mimi nina kilo 88, na siku nyingi nabeba begi la kazi la kilo kama 10. Kwa mwaka mzima sikuwahi kufikiri kwamba uzito wangu una uhusiano wowote na habari hii.

Ilikuwa na tabia tatu. Nikifunga breki ya mbele, pua inazama mpaka chuma kinagonga chuma. Nikiingia kwenye kona inasita, halafu inaanguka ndani kwa ghafla, kama mtu aliyekalia kiti chenye mguu mmoja mfupi. Na nikifika kilomita 70 kwa saa kwenye lami yenye mawimbi, nyuma inanesa, usukani nao unaitikia. Nilizoea kushika kwa nguvu. Mabega yalikuwa yananiuma nikifika nyumbani, nikadhani ni uzee.

Siku moja nikaona pikipiki kama yangu ina tairi la nyuma nene, limejaa vizuri chini ya madigadi. Nikaamua kuwa dawa ndiyo ile. Tairi pana, mshiko mwingi. Nikanunua la 120/80-18.

Hesabu ya namba zile nilijifunza baadaye, ila ingekuwa heri ningejua siku ile. Namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita. Ya pili ni kimo cha ukuta wake, kwa asilimia ya ule upana. Ya mwisho ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Tairi nililokuta kwenye pikipiki liliandikwa kwa mtindo wa zamani, 3.00-18, ambalo kwa mtindo wa sasa linakaribiana na 90/90-18. Kwa hiyo niliruka milimita 30 za upana kwa siku moja, juu ya rimu ileile. Rimu yangu ya nyuma imegongwa muhuri 1.85, yaani inchi 1.85 ndani kwa ndani. Tairi la upana wa 120 linataka rimu pana kuliko hiyo. Likivikwa kwenye rimu nyembamba, kingo zake zinabanwa kuelekea katikati na mgongo wake unachongoka. Nilichopata si mshiko zaidi, ni tairi lenye mgongo kama wa samaki, linalogusa barabara kwa utepe mwembamba pale katikati. Upande wa cheni, nafasi iliyobaki haikuzidi unene wa penseli. Nikibeba mtu, nilisikia mpira ukilamba kava la cheni.

Kuna jambo jingine ambalo halionekani kwa macho. Tairi likiwa pana, sehemu inayogusa lami inahamia pembeni zaidi unapoilaza pikipiki, na ili upite kona ileile kwa mwendo uleule inabidi uilaze zaidi. Nilikuwa nimenunua kazi ya ziada.

Mtu mwenye akili angesimama hapo. Mimi nikasema tairi ni zuri, tatizo ni shokapu.

Zile nyekundu zilikuwa na kachupa ka gesi pembeni, springi nene, na urefu wa milimita 360 kutoka tundu hadi tundu. Za kwangu zilikuwa 340. Muuzaji aliniambia urefu ule unasaidia pikipiki kuwa nyepesi kwenye kona, na hakunidanganya. Ukiinua nyuma, shingo ya usukani inasimama wima zaidi, na pikipiki inageuka upesi. Ila wepesi huo unakatwa kutoka kwenye utulivu wa mwendo ulionyooka, na mimi malalamiko yangu makubwa yalikuwa kwamba pikipiki haitulii! Isitoshe, kwa kuwa shokapu zimefungwa mbele kidogo ya ekseli, milimita 20 za shokapu zinakuwa zaidi ya 20 kwenye gurudumu. Cheni ilibadilika mkazo. Stendi ya pembeni ikawa fupi, pikipiki ikawa inaegemea kama mlevi ukutani. Dalili zote hizo niliziona, nikaziita mazoea mapya.

Springi zenyewe zilitengenezwa kwa pikipiki nzito kuliko yangu. Nilipokaa juu, nyuma haikushuka hata kidogo. Nikafurahi. Nilidhani kutobonyea ndiyo ubora.

Mbele nako, kwa vile pua ilikuwa inazama, nikaambiwa niweke mafuta mazito. Yaliyotakiwa ni 10W, nikamwaga 20W. Pua ikaacha kuzama haraka, kweli. Ila kila shimo dogo lilipanda moja kwa moja hadi kwenye viwiko.

Asubuhi moja, kwenye kona ya kushoto ninayoifahamu vizuri, kabla ya kona kuna mikunjo ya lami iliyosababishwa na malori yanapofunga breki. Nilikuwa kama kwenye 50. Nyuma ilidunda mara moja, ikadunda mara ya pili, mara ya tatu ikatua si pale ilipokuwa. Nakumbuka sauti ya chuma kikisaga lami na kioo cha pembeni kikiruka. Sikuwa nimevaa glavu, nikaweka kiganja chini kama kila mtu anavyofanya bila kufikiri. Mfupa mdogo wa kifundo ukavunjika. Plasta wiki sita. Mke wangu hakunisema siku ile, alinisema baada ya plasta kutolewa, na alikuwa na orodha yenye tarehe.

Zile wiki sita ndizo zilizonisaidia, maana sikuweza kwenda dukani. Nilikuwa nakaa kwenye kigoda naitazama pikipiki, na mtu mmoja akanielekeza kwa fundi mzee aliyewahi kuandaa pikipiki za mashindano. Alipofika sikumwonyesha pikipiki, nilimwonyesha shokapu. Akazipita. Akaiweka pikipiki kwenye stendi ya katikati, akaniambia nikalie nyuma ili gurudumu la mbele liachane na ardhi.

Akashika ncha za usukani kwa vidole viwili viwili, akaugeuza polepole kutoka kushoto kwenda kulia. "Njoo ushike wewe, kijana. Taratibu. Usitumie nguvu."

Nikashika kwa mkono mmoja mzima. Usukani ulikwenda laini, laini, halafu ulipofika katikati kabisa ukaingia mahali. Kama droo inayofika mwisho. Nikausukuma kidogo ukatoka, ukaendelea laini tena.

"Umesikia hicho kidato?"

"Nimesikia, mzee."

"Basi hiyo ndiyo kona inayokusumbua."

Tulipofungua shingo, gololi zilikuwa zimekula mabakuli yake. Chuma kilikuwa na alama ndogo za duara, zimepangana kama shanga, kila moja ndipo gololi ilipokuwa inakaa pikipiki inapokwenda moja kwa moja. Miaka ya mashimo ilizichimba pale. Ndiyo maana pikipiki ilikuwa inasita kuingia kwenye kona (imekaa ndani ya kidato), kisha inaanguka ghafla (imetoka kwenye kidato). Nilikuwa nimebadilisha tairi, shokapu na mafuta ili kutibu mabakuli mawili yaliyochakaa, ambayo spea yake ilikuwa rahisi kuliko kitu chochote nilichonunua mpaka siku ile.

Akashika gurudumu la nyuma, juu na chini, akalisukuma kushoto na kulia. Likacheza. Bushi za mkono unaobeba gurudumu la nyuma zilikuwa zimekwisha. Hilo ndilo lililokuwa linanesa kwenye kilomita 70.

Tuliweka beringi za shingo mpya, zile za viroli vilivyolala mshazari badala ya gololi. Hapa kuna kosa linalofanywa hata na mafundi wazoefu: kukaza nati ya shingo kupita kiasi. Ikikazwa sana usukani unakuwa mzito na pikipiki inatangatanga ikienda, kwa sababu haiwezi kujinyoosha yenyewe. Gurudumu likiwa hewani, ukiugusa usukani kidogo uanguke upande kwa uzito wake wenyewe. Na ukizivuta shokapu za mbele mbele na nyuma, usisikie mchezo wowote. Kati ya hali hizo mbili nafasi ni ndogo, kama robo ya mzunguko wa nati. Bushi za nyuma zilitoka kwa nyundo na matusi, sitaongeza neno.

Kisha akaniuliza, "Ukikaa juu yake inashuka milimita ngapi?"

Sikujua kwamba ni kitu cha kupimwa. Akatoa futi mfukoni.

Kipimo hiki ndicho ningependa kila mwenye pikipiki akijue, na kinahitaji futi, kalamu na watu wawili tu. Tulirudisha kwanza shokapu zangu za zamani. Tukaweka alama ya mkanda kwenye bodi, juu kabisa ya ekseli ya nyuma. Tukainua nyuma mpaka shokapu zikanyooka mwisho wake: kutoka ekseli hadi alama, milimita 540. Tukaishusha ikabeba uzito wake yenyewe: 529. Nikapanda na begi langu, nimevaa kama ninavyovaa kazini, miguu kwenye vikanyagio, mtoto wa jirani ameshika usukani: 486. Yaani nikikaa, nyuma inabonyea milimita 54 kati ya safari yote ya 105, yaani umbali wote ambao gurudumu linaweza kupanda na kushuka. Nusu ya safari imeshaliwa kabla sijawasha injini. Kinachotakiwa kwa pikipiki ya barabarani ni kama theluthi moja au pungufu kidogo, kwangu mimi karibu 35.

Upime zaidi ya mara moja. Sili za shokapu zinakwamakwama, kwa hiyo ukibonyeza kwa mkono na kuachia taratibu utapata namba moja, ukiinua na kuachia utapata nyingine. Chukua ya katikati.

Shokapu za zamani zilikuwa kwenye kidato cha pili. Kidato cha pili! Zimekaa hapo tangu nilipoinunua, labda tangu kiwandani. Kwa ile spana ya ndoano inayokuja na pikipiki tukazipeleka cha nne, na namba ikashuka hadi 40. Dakika mbili za kazi, bila kununua kitu.

Hapo nikapata somo ambalo lilinikataa kichwani kwa siku kadhaa. Kukaza springi kwa vidato hakuifanyi iwe ngumu. Springi inayohitaji nguvu ya kilo 10 ili ibonyee milimita 10 itaendelea kuhitaji zilezile kilo 10, uwe kwenye kidato cha kwanza au cha tano. Kinachobadilika ni mahali inapoanzia kazi, yaani pikipiki inakaa juu au chini. Ndiyo maana kuna vipimo viwili na si kimoja. Ukishapata kimo sahihi ukiwa umekaa, shuka, uone pikipiki yenyewe inabonyea kiasi gani bila wewe. Kama haibonyei kabisa, springi ni laini mno na umeikaza sana ili ikubebe. Kama inabonyea nyingi, springi ni ngumu mno kwa uzito wako. Zile nyekundu tulipozipima na mimi nikiwa juu, zilibonyea milimita 12. Gurudumu lililokosa nafasi ya kushuka halifuati bonde la barabara. Linaruka juu yake. Mkunjo wa kwanza, wa pili, wa tatu. Fundi alitikisa kichwa tu, mimi nikatazama plasta.

Mbele tulipima kwa kufunga zipu ya plastiki, ile ya kufungia nyaya, kwenye bomba la shokapu, tukaisogeza hadi kwenye sili, nikapanda nikashuka, tukapima iliposukumwa. Milimita 48 kati ya 115. Kwa shokapu zisizo na vidato dawa ni kuongeza kipande cha bomba juu ya springi. Tulikata vipande viwili vya bomba gumu la plastiki la maji, vya milimita 10, tukavinyoosha kingo kwa tupa, na washa ya chuma kati ya bomba na springi ili springi isile plastiki. Ukiongeza milimita 10 za mkazo mbele, mbonyeo unapungua milimita 10. Ikawa 38, nikaridhika.

Sasa angalizo, na nalitoa nikiwa na alama kidevuni. Vifuniko vya juu vya shokapu za mbele vinasukumwa na springi kutoka chini. Uzi wa mwisho ukiachia, kinaruka. Weka kiganja na kitambaa juu, bonyeza huku ukifungua, na uso wako uwe pembeni. Pia usivifungue vyote viwili pikipiki ikiwa imesimama kwa uzito wake kwenye gurudumu la mbele. Itakaa chini kama ngamia. Egemeza injini kwenye jeki au kipande imara cha gogo kwanza.

Mafuta mazito tuliyamwaga. Yalitoka meusi, yana unga wa chuma na harufu ya samaki aliyesahaulika. Springi kazi yake ni kubeba, mafuta kazi yake ni kuituliza isidundedunde, na kwenye shokapu rahisi kama zangu mafuta yanapita kwenye matundu ya ukubwa mmoja tu. Ukiweka mazito ili kuzuia pua inayozama taratibu wakati wa breki, utayakuta yamekuwa kama ukuta gurudumu linapogonga shimo kwa kasi, maana hayawahi kupita. Kuzama kwa pua kulikuwa tatizo la springi na kimo. Mimi nikalibebesha mafuta. Tulirudi kwenye 10W. Ziada tuliyoifanya ni kupandisha kiwango chake kwa milimita 10. Kiwango kinapimwa springi ikiwa nje na shokapu imebonyezwa mpaka mwisho, kutoka mdomo wa bomba hadi uso wa mafuta, baada ya kuibonyeza mara nyingi taratibu ili hewa itoke. Hewa inayobaki juu ya mafuta nayo ni springi: ikiwa kidogo, inakaza zaidi karibu na mwisho wa safari. Chuma kikaacha kugonga chuma. Tulitumia bomba la sindano na mpira mwembamba kunyonya yaliyozidi, upande huu na upande ule sawasawa kabisa. Na usibadilishe kampuni ya mafuta ovyo, kwani 10W ya mmoja inaweza kuwa nyepesi au nzito kuliko 10W ya mwingine.

Tairi ndilo lililonitia aibu zaidi. Wakati nahangaika na tairi la nyuma, la mbele sikuwahi hata kuliangalia. Lilikuwa na kashata, yale meno ya mpira, za kutosha, kwa hiyo nikalihesabu kuwa zima. Fundi akainama, akapangusa vumbi ubavuni, akanionyesha namba nne ndani ya kisanduku cha mviringo: 0914. Wiki ya tisa ya mwaka 2014. Tairi lilikuwa na umri wa miaka saba siku nilipoinunua pikipiki. Nikabonyeza ukucha kwenye mpira, ukucha ndio ulioumia. Katikati ya kashata kulikuwa na nyufa nyembamba kama za udongo uliokaukiwa. Tairi lisilo kipara linaweza kuwa limekufa zamani, na mimi nilikuwa nalilalia kwenye kona kila asubuhi.

Nilinunua mawili kwa pamoja, la mbele 2.75-18 na la nyuma 90/90-18, ya aina moja ili maumbo ya migongo yao yaelewane. Nilisoma pia namba ya mzigo na herufi ya mwendo. La nyuma limeandikwa 57P: 57 ni kilo 230 ambazo tairi linaweza kubeba, P ni kilomita 150 kwa saa. Mshale wa mzunguko utazame kabla fundi hajapaka sabuni, si baada. Tyubu iwe ya saizi ya tairi, kwa sababu tyubu kubwa inajikunja ndani na mkunjo ndio unaotoboka. Kilomita 150 za kwanza niliendesha kama nimebeba mayai, kwani mpira mpya unakuwa na uso laini unaoteleza mpaka uchubuliwe na barabara. Nilianza na kona za upole, kisha nikalaza kidogo zaidi kila siku.

Na upepo. Nilikuwa najaza kwa kupiga tairi teke, au kumwachia mwenye mashine, ambaye naye alikuwa anapiga teke. Siku nilipopata geji yangu, mbele nilikuta psi 41 na nyuma 40. Kibandiko kilichopo kwenye kava la cheni, ambacho kilikuwa pale miaka yote, kinasema 25 mbele na 29 nyuma nikiwa peke yangu, 33 nikibeba mtu. Pima asubuhi tairi likiwa la baridi, kwa sababu likishatembea namba inapanda yenyewe. Kwa kweli kushusha upepo tu kulibadilisha pikipiki kuliko zile shokapu nyekundu, na geji ile ni ndogo inaingia kwenye mfuko wa shati.

Gurudumu la nyuma tulilinyoosha kwa uzi uliopitishwa pande zote mbili hadi mbele. Alama za kwenye vikaza cheni zilikuwa zinadanganya kwa milimita tatu. Ni kazi ya nusu saa.

Mwishoni kabisa, ndipo nikanunua shokapu. Za zamani zilikuwa zimekufa: ukibonyeza kiti na kuachia, nyuma inapanda, inashuka, inapanda tena. Inatakiwa irudi mara moja na kutulia. Moja ilikuwa inavuja mafuta, nyingine haina hata ya kuvuja. Safari hii nilikwenda na karatasi yenye urefu wa tundu hadi tundu, kipenyo cha matundu, uzito wangu na uzito wa begi. Nikachukua za 340, springi ngumu kiasi kuliko za awali, zenye skrubu ya kurekebisha kasi ya kurudi. Kwenye kidato cha tatu, pikipiki peke yake inabonyea 10, nikiwa juu 34.

Ile skrubu ilinipa wiki mbili za raha na daftari zima. Nilichagua kipande cha barabara cha kilomita tatu chenye kona ya kushoto, rafu kidogo na tuta, nikawa nabadilisha kitu kimoja tu kila nikipita. Niliikaza mpaka mwisho, nikahesabu mibofyo nikirudi, nikaandika. Ikikazwa sana, nyuma haiwahi kurudi kati ya tuta na tuta, inazidi kukaa chini mpaka inakuwa ngumu kama benchi. Ikilegezwa sana, inakurusha. Yangu iko mibofyo minane kutoka mwisho. Siku nilipobadilisha vitu viwili kwa pamoja, mbonyeo na mibofyo, ilikuwa mbaya na sikujua kosa ni la kipi, ikabidi nirudi mwanzo. Ukurasa ule nimeandika neno moja ambalo siwezi kulirudia hapa.

Kuhusu fedha nitasema wazi. Nilikaa na risiti zote usiku mmoja. Tairi pana, shokapu nyekundu, mafuta mazito, kioo, klachi, hospitali na siku nisizofanya kazi: vilizidi mara mbili ya beringi, bushi, mafuta sahihi, tairi mbili nzuri, shokapu za pili na malipo ya fundi, vyote kwa pamoja. Tairi pana niliuza kwa hasara. Shokapu nyekundu hazijapata mtu.

Alikuja mmoja, mwezi uliopita. Kijana, pikipiki kama yangu, mpya kidogo. "Kaka, nasikia unauza zile nyekundu. Yangu inanesa sana nyuma."

Nikamwambia apande. Akadhani natania. Nikatoa futi, nikamwita mtoto wa jirani ashike usukani, ambaye siku hizi anaijua kazi hiyo kuliko mimi. Milimita 51. Spana yake ya ndoano ilikuwa bado kwenye nailoni, chini ya kiti. Tukapandisha vidato viwili, ikawa 37. Nikapima upepo, nikaupunguza. Nikashika usukani kwa vidole viwili: laini, hakuna kidato. Nikamwambia azunguke, apite kwenye rafu, arudi.

Akarudi baada ya robo saa. Akazima injini, akavua kofia, akakaa kimya kidogo akitikisa nyuma kwa makalio yake.

"Imetulia," akasema. "Kwa hiyo zile nyekundu huziuzi tena?"